Natafuta kifaa cha kusikia cha bei ya chini hapa Nairobi, haraka

Mtu_wa_Grogan: Wazee, hamjambo. Mimi nauza vipuri vya gari Kirinyaga Road, nakaa Eastlands. Mke wangu analalamika kwamba nikiambiwa kitu hakiingii. Akisema leta maziwa naitikia, halafu narudi mikono mitupu. Basi nikaenda kupimwa masikio. Vifaa vya kusikia vya bei ya chini vinapatikana wapi mjini? Nahitaji kabla ya Jumapili.

Mama_Mapacha: Pole kaka. Wangu anasikia mlio wa M-Pesa simu ikiwa chini ya mto chumbani. Mimi niko mbele yake namwambia mtoto anaharisha, ananijibu "sawa sawa". Huyo nitampima wapi?

Dere_wa_Rongai: Kelele za barabara ndizo zimekumaliza. Mimi nimeendesha nganya, zile matatu za muziki, za Rongai miaka na miaka, spika ziko chini ya viti. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, nani anazifuata? Nikifika nyumbani masikio yanalia nziii mpaka usiku. Hebu mtu aniambie, kutolewa nta ni pesa ngapi?

Pima_Sikio: Hii ndiyo kazi yangu. Kifaa hakinunuliwi kama kiatu, kinafuata kipimo, kwa hiyo majibu yalisemaje? Waliozoea kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama s na f. Wanajua unaongea lakini neno hawalipati. Vile vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 usiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki.

Mtu_wa_Grogan: Kipimo kilienda vizuri, asante. Naomba tu mnielekeze duka.

Pima_Sikio: Nimeuliza majibu.

Mzee_Kayole: Vijana wa siku hizi mnakimbilia madaktari kwa kila kitu. Mama watoto akianza kuongea, zima televisheni. Mechi itarudiwa. Mimi nilifundishwa hivyo na baba mkwe, tena mbele ya wageni.

Mtu_wa_Grogan: Mzee nimekusikia. Haya basi. Majibu yalitoka salama, masikio yote mawili. Lakini nilipofika nyumbani akaniuliza, nikamwambia la kushoto limeharibika. Msinihukumu. Tangu siku hiyo anaongea nami taratibu, ananitazama usoni, na yale mambo ya "unanidharau" yameisha. Nyumba ina amani. Shida ni moja: ameomba zamu yake ya kupokea pesa za chama isogezwe mbele aninunulie kifaa. Nimeona nitafute cha rahisi, nivae bila betri, na pesa itakayobaki niongezee karo ya muhula. Hapo nani ameumia?

Mama_Mapacha: Wewe baba!!! Zamu ya chama??

Dere_wa_Rongai: Buda, hiyo ni akili ya juu. Lakini siku atakapokunong'oneza upande wa kushoto utafanyaje?

Mtu_wa_Grogan: Nishafikiria. Nageuza kichwa.

Pima_Sikio: Bila betri umeziba sikio tu, utasikia kidogo kuliko sasa. Ukiweka betri, kinakuza sauti, na sikio zima linaweza kudhurika. Tena jambo jingine. Chumba cha kupimia ni kimya, unabonyeza kitufe ukisikia "pii". Hakuna watoto, hakuna mechi, hakuna mtu anayekuuliza habari za karo. Kuna watu vipimo vyao ni safi na bado maneno yanawaponyoka penye kelele. Rudi uombe kipimo cha maneno ndani ya kelele. Kama hapo pia uko sawa, basi dawa yako haiuzwi dukani.

Sidanganyiki: Jamani, mnamjibu mtu aliyetunga hadithi? Mke gani huyo asiyetaka kuona karatasi ya daktari? Halafu "nivae bila betri", hiyo ni vichekesho vya jioni. Haya, tuambie karatasi ilikuwa na nini.

Mtu_wa_Grogan: Miduara myekundu na X za bluu, zote zimejipanga juu. Aliiona. Akasema "kumbe iko juu hivi", akaanza kulia.

Pima_Sikio: Hapo hajatunga. Mduara mwekundu ni sikio la kulia, X ya bluu la kushoto. Na mstari ukiwa juu ndiyo uzima, ukishuka ndiyo shida. Maskini mama wa watu.

Sidanganyiki: Hayo yote yako Google.

Mzee_Kayole: Awe ametunga au hajatunga, televisheni izimwe.

Mweka_Hazina: Mimi huwa nasoma tu hapa, sichangii. Lakini chama chetu kina dada wa Eastlands, mumewe ni mtu wa vipuri, sikio la kushoto. Jumapili anapewa. Tumeruka wanachama wawili kwa ajili yake, na mmoja ana mtoto wa kwenda sekondari.

Mtu_wa_Grogan: Dada, Eastlands ni kubwa.

Mweka_Hazina: Na Kirinyaga Road je? Mambo ya ndoa siingilii. Una mpaka Jumamosi jioni umwambie mwenyewe, ama nitasoma uzi huu kwenye mkutano kabla ya chai.

Mtu_wa_Grogan: Admin naomba ufute uzi huu.

Dere_wa_Rongai: Kabla haujafutwa: nta ni pesa ngapi?