Wauza DAC wa mjini, acheni kutuuzia namba!

Assalaamu alaykum wanajukwaa. Nnaandika kwa hasira na sitoificha.

Baadhi ya maduka ya vyombo vya muziki hapa Unguja yameifanya DAC, yaani kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya inayafahamu, kuwa mashindano ya namba. Unaingia, unasema unataka kifaa cha kuutoa muziki wa kidijitali uingie kwenye amplifaya yako ya zamani, na neno la mwanzo unaloambiwa ni "hii biti 32, kilohezi 768" (biti ni ukubwa wa namba inayoandika kila kipimo cha sauti, kilohezi ni maelfu ya vipimo hivyo kwa sekunde). Huulizwi una amplifaya gani. Huulizwi muziki unautoa kwenye TV, simu au laptopu. Huulizwi umeme wa kwenu ukoje. Namba, bei, kwaheri.

Ami yangu wa Chake Chake kafanyiwa hivyo hivyo. Mzee ana amplifaya ya Kijapani ya miaka mingi, nzima kabisa, yenye matundu ya RCA tu (yale mawili ya duara, jekundu na jeupe), na taarabu zake zimehamishwa kutoka kwenye kaseti zikatiwa kwenye flashi anayoichomeka kwenye TV. Yote haya alimueleza muuzaji kwa kituo. Akauziwa DAC ya laki tano na ushei kwa sababu ya hiyo 768. Kavuka nayo mpaka Pemba, kaunga waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) kutoka kwenye TV: kimya. Kapiga simu dukani, kajibiwa eti kaiunguza mwenyewe, umeme wa Pemba mbovu, na mali ikishatoka dukani hairudi.

Haikuungua! TV ilikuwa imepangwa kutoa Dolby Digital (sauti iliyobanwa, ya mtindo wa sinema) kwenye optiko, na DAC ya stereo kama ile inafahamu PCM tu (sauti ya kidijitali isiyobanwa). Unaingia kwenye mipangilio ya sauti, unachagua PCM, inalia. Nilipofika kwake ndivyo nilivyofanya, ikalia hapo hapo. Muuzaji asiyelijua jambo hili hafai kuuza vifaa hivi. Na kama analijua, akamwambia mzee wa watu kaunguza kitu, basi hiyo ni dhulma, sina jina jengine la kuipa.

Na hizo 768 zenyewe? Optiko ya kawaida inafika 96, nyengine 192. TV yenyewe kwa kawaida inatoa 48. Namba iliyompandishia mzee bei haiwezi hata kupita kwenye waya aliouziwa, na waya huo kauziwa na muuzaji yule yule.

Hebu tuzitazame namba kwa utulivu, maana ndizo zinazotumiwa kututisha. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Philips na Sony walichagua biti 16 na kilohezi 44.1. Kilohezi 44.1 za vipimo zinatosha kubeba sauti yenye mitetemo mpaka kilohezi 22 hivi (yaani maelfu 22 ya mitetemo kwa sekunde), na sikio la kijana mwenye afya linakomea kwenye 20. Mtu wa miaka 60 mara nyingi hata 15 haisikii. Biti 16 zinakupa kiasi cha desibeli 96 baina ya sauti kubwa kabisa na mnong'ono wa mwisho, wakati kaseti ya kawaida, na ule mchuruziko wake unaoujua kila aliyekua na redio kaseti, haifiki hata 70. Sasa niambieni, taarabu iliyotoka kwenye kaseti, ikasikilizwa sebuleni feni inazunguka na kunguru wanapiga kelele nje, biti 32 zitaifanyia nini? Biti 32 kwa hesabu ni desibeli 192. Hakuna DAC duniani inayozifikia, kwa sababu saketi yenyewe ina kelele zake za joto. Zilizo bora kabisa zinacheza kwenye 120 na kitu. Namba ile imeandikwa kwenye boksi ili ilipiwe, haisikiki.

Jengine linalonikera ni MQA, namna ya kubana muziki wa kidijitali iliyouzwa kama yenye ubora wa juu. Bado kuna anayeongeza bei kwa kibandiko hicho! Kampuni ya MQA iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Uingereza mwaka 2023, na Tidal, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, waliokuwa waungaji mkono wake wakubwa, waliiacha Julai 2024. Mnamuuzia nani?

Yanayoamua kama utasikia muziki au utasikia mvumo ni mengine kabisa, na hayo ndiyo hayasemwi. Ukiunga laptopu kwa USB huku iko kwenye chaja, mara nyingi kelele za chaja zinaingia mpaka kwenye spika. Optiko inapitisha mwanga, umeme haupiti, kwa hiyo mvumo wa namna hiyo unakatika. Adapta je? Kwenye boksi la ami hamkuwa na adapta, kaambiwa atumie chaja yoyote ya simu. Chaja yoyote! Kwetu Pemba umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukipungua nguvu jioni, chaja ya bei rahisi ndiyo inayoanza kulia zzzz kwenye spika. Hewa ya chumvi nayo inakula matundu ya RCA, lakini hilo fundi analisafisha.

Na kwa wenye laptopu: kile kidude cha Apple cha kugeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni, Marekani bei yake dola 9, ndani yake mna DAC kamili yenye vipimo safi. Waya wa kutoka hapo kwenda RCA unapatikana popote. Nani dukani atakwambia hivyo? Jirani yangu mimi kauziwa DAC wakati risiva yake ya muziki (amplifaya yenye redio ndani) ina tundu la optiko na DAC ya ndani tayari. Muuzaji aliiona picha ya nyuma ya risiva kwenye simu.

Muuzaji yeyote aliyomo humu anijibu: kwa nini mteja asiruhusiwe kuja na kifaa chake akajaribu hapo hapo dukani kabla hajalipa? Na kwa nini anayetoka Pemba asipewe hata wiki moja ya kurudisha, ilhali mnajua lazima apande boti?

Na nyinyi mliokataliwa kurudisha, andikeni hapa chini ni DAC gani, mliiunga na nini, na mlijibiwa vipi. Jina la duka nitumieni faragha.