Umelala na sukari nzuri, umeamka iko juu: tupeane uzoefu

Kidole Sugu
Wakuu, nina mwaka wa pili na kisukari aina ya pili. Jana kabla ya kulala nimepima, 6.8. Nimelala fofofo, sijaamka hata kunywa maji. Asubuhi kabla chochote hakijaingia mdomoni, 9.4. Nikahamia kidole kingine, 9.1. Mke wangu ananitazama lile jicho la "ulifuata nini jikoni usiku". Sasa nani kala kwa niaba yangu? Leteni na za kwenu, nisijione peke yangu.

Bi Mapema
Wewe hujala, ini ndilo limekupikia. Karibu chamani.

Mtembea Usiku
Hiyo ni sukari ya alfajiri, mkuu. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili unajiandaa kuamka, homoni zinapanda (kotisoli, ya ukuaji na wenzake), ini linamwaga sukari kwenye damu. Asiye na kisukari insulini yake inaimeza kimyakimya. Sisi tunaikuta kwenye mashine.

Mzee wa Bluu
Mna raha nyinyi, mnabishana na nukta. Mimi nilianza nikiwa mtoto, miaka ya sabini, na nyumbani hapakuwa na mashine ya damu. Asubuhi mama ananipa kikopo niende chooni. Anachukua mililita 5 za dawa ya Benedikti, ile ya bluu, anadondoshea matone 8 ya mkojo, anachemsha. Mimi nimesimama mlangoni nangoja rangi. Ikibaki bluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Kijani, siyo mbaya. Njano, naulizwa maswali. Ikifika nyekundu ya matofali hapo nishajificha. Na harufu yake sijaisahau.

Halafu ilikuwa habari ya jana. Mkojo unakwambia yaliyopita saa kadhaa nyuma, tena sukari haionekani humo mpaka damu ipite 10 hivi. Ukiwa umeshuka vibaya, bado inakuonyesha bluu safi, mama anafurahi, na wewe unatetemeka.

Kidole Sugu
Shikamoo mzee. Nimeacha kulalamika kwa dakika tano.

Kimya Kingi
Mimi asubuhi nacheza 110, 115. Sioni shida.

Mama wa Sare
110??? Unaandikia wapi, wodini?

Mtembea Usiku
Tulieni. Mashine yake inasoma miligramu, zetu milimoli. Gawa kwa 18, hiyo ni 6.1. Nzuri kuliko sisi wote hapa.

Baba Vipimo
Yangu siku moja iliandika HI. Nikamwita mke wangu aje aone, mashine inanisalimia. Kumbe sukari imepita 33.3, yenyewe imeshindwa kuhesabu. Nililazwa siku nne.

Mama wa Sare
Mnacheka, lakini mashine ilishanipeleka karibu na kaburi, tena haikuwa na kosa lolote.

Mimi ni wa insulini, ya muda mrefu usiku na ya haraka kabla ya kula. Asubuhi moja tumechelewa. Nimemmenyea mwanangu machungwa mawili ya kubeba shule, nikajifuta mikono kwenye gauni, nikachukua mashine. Nikatoboa kidole kilekile nilichokuwa nalishikilia chungwa. 19.7. Usiku nililala na 7 na pointi. Mtu mwenye akili angejiuliza imetoka wapi. Mimi nikaogopa tu. Nikapiga hesabu ya kuishusha, nikajidunga yuniti 6 za haraka, nikasema sili mpaka ishuke, nikaanza kupiga pasi sare.

Baada ya muda pasi ikawa nzito. Nakumbuka mkono wa shati, wa kushoto. Naupiga, naugeuza, naupiga tena, uleule, mara ya nne, ya tano, na moyoni najua haujanyooka. Jasho la baridi limeshuka mpaka kiunoni. Mwanangu anasema mama shati linaungua, namsikia kama yuko ndani ya pipa. Nikamjibu ndiyo. Pasi iko palepale begani.

Alikuwa na miaka 9. Akazima swichi, akanivuta nikakaa. Akalowesha kitambaa akanifuta vidole, akavikausha, maana nilimfundisha hivyo na mimi mwenyewe nikapuuza. Akapima: 2.3. Akakoroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, akashika kikombe kwa mikono miwili nikanywa, huku namgombeza kwamba anachelewa shule. Akatazama saa. Dakika 15, akapima tena, 3.4. Akakoroga kingine. 5.2.

Asubuhi ile nilipima chungwa. Damu yangu haikuwa na shida yoyote. Shati ninalo, lina alama ya pasi begani, sijalitupa.

Bi Mapema
Nimesoma nikiwa nimeshika mdomo. Mtoto anaendeleaje sasa?

Mama wa Sare
Yuko kidato cha pili, hataki kusikia neno chungwa.

Kimya Kingi
Duh.

Mpenda Asali
Pole dada. Ila mjue, hata mtu akizimia kabisa, mpakeni asali kwenye fizi, anaamka. Bibi yangu aliamka hivyo.

Zamu ya Usiku
Hapana jamani, hapa nabisha. Nafanya kazi wodini. Mama wa Sare alikuwa anameza, ndiyo maana alipewa kikombe. Asiyeweza kumeza hawekewi kitu mdomoni, kinakwenda kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpe sindano ya glukagoni (homoni ya kupandisha sukari) kama ipo nyumbani na unajua kuidunga, ita gari la wagonjwa.

Mpenda Asali
Bibi yangu aliamka lakini.

Zamu ya Usiku
Na ambaye hakuamka hayupo hapa kuandika.

Mpenda Asali
Punguza ukali, nimeleta uzoefu, si mada ndiyo hiyo?

Bi Mapema
Hebu acheni, mtafungiwa wote wawili.

Majani Mabichi
Mnajitesa na kutobolewa. Mimi mwezi wa saba huu nakunywa majani, mashine niliitupa, niko fiti.

Baba Vipimo
Fiti umejuaje bila kupima?

Majani Mabichi
Mwili unaniambia.

Baba Vipimo
Wangu uliniambia niko fiti mpaka asubuhi ya ile HI.

Kidole Sugu
Turudi kwangu basi, stori ya pasi imeniteka nikasahau shida yangu. Nifanye nini na hii 9? Kliniki walisema asubuhi niwe kati ya 4.4 na 7.2.

Mzee wa Bluu
Usilale na njaa. Kula kidogo kabla ya kulala.

Kimya Kingi
Mimi nilipoacha kula usiku ndiyo ikashuka.

Mzee wa Bluu
Basi usile.

Mwana Sindano
Mkuu, hapo unashuka usiku ukiwa usingizini, halafu mwili unajitetea, asubuhi unakuta imeruka juu. Inaitwa Somogyi, ya tangu 1938. Punguza dawa ya usiku.

Mtembea Usiku
Usimwambie mtu apunguze dawa kwa kukisia! Hiyo ya Somogyi inatajwa sana, ila watu walipoanza kulala na sensa (kile kifaa cha kubandika mwilini kinachosoma sukari muda wote) ilionekana wengi wanaoshuka usiku huamka wakiwa chini, hawaruki juu. Juu ya asubuhi mara nyingi ni ini, au dawa ya usiku haifiki asubuhi. Tega kengele saa tisa usiku, pima. Ikiwa chini ya 3.9, tibu kwanza, mengine kamweleze daktari wako. Ikiwa sawa na ya kulala halafu inapanda kuelekea asubuhi, mchawi ni alfajiri. Fanya usiku mbili tatu, andika, nenda nayo kliniki.

Kivuli cha Sensa
Na sensa nazo zina visa vyake. Yangu iko mkononi, saa nane usiku inalia 2.9, nakurupuka, natoboa kidole, 6.0. Nilikuwa nimeulalia mkono tu. Nimeshakunywa sukari ya bure mara mbili kabla sijaelewa.

Baba Vipimo
Kidole Sugu, 9.4 na 9.1 usizigombanishe, ni kitu kimoja. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinairuhusu mashine kupotoka asilimia 15 juu au chini kwa namba kama hizo. Unapodhibiti sukari angalia wiki nzima, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Na kikopo cha vijiti vya kupimia usikiweke bafuni, unyevu unaviharibu. Funga kifuniko mpaka kisikike.

Bi Mapema
Na toboa pembeni ya ncha ya kidole, si katikati. Jina lako linanitia wasiwasi.

Kidole Sugu
Hahaha, nilikuwa natoboa katikati, tena na sindano moja wiki nzima.

Zamu ya Usiku
Ndiyo maana ni sugu.

Majani Mabichi
Hivi ile mashine mtu akitaka kununua tena anaanzia wapi?

Baba Vipimo
😂😂 Njoo faragha.

Kidole Sugu
Nimerudi. Kulala 6.7. Kengele imelia saa tisa, mke kaamka kabla yangu, kawasha taa, kashika kidole mwenyewe: 7.0. Saa kumi na mbili, 9.3. Kichwani mwake usiku ule nilikuwa jikoni, sasa ameona sikwenda. Leo naomba kulala saa sita mchana.

Mama wa Sare
Ulinawa?

Kidole Sugu
Nilinawa, dada. Na nikakausha.