Ushauri: Nina Amiga 500 hapa Mwanza, niifufue ilivyo au niitoe utumbo niweke Raspberry Pi?

Kijana wa Kirumba (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi umekata.

Kuna kompyuta ya zamani, Commodore Amiga 500, imenifikia mkononi ikiwa na monita yake, kipanya na boksi zima la disketi. Ni ile ambayo keibodi na mashine ni kitu kimoja, disketi unaichomeka ubavu wa kulia. Plastiki imegeuka njano kama meno ya mvuta kiko. Nikiwasha, monita inaleta kijani kitupu, basi.

Nataka iwe mashine ya gemu za zamani. Fundi wa simu pale Makoroboi anasema hiyo mazabodi (bodi kuu ya ndani) ni takataka: aing'oe, aweke Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kisasa ya bodi moja, atoboe nyuma tundu la HDMI, apulizie rangi nyeusi na kupitisha taa za rangi chini ya keibodi. Mimi naona ana hoja. Ila kuna jamaa aliniambia zinatengenezeka. Nifuate lipi? Muda wangu ni mfupi. Nahitaji majibu ya kiufundi tu, tafadhali.

Sangara Mbichi
Uza hilo kopo kwa wakusanya vyuma chakavu, ongezea hela, chukua PS4 ya mtumba. Weka banda Igoma, madogo walipe kwa mechi. Mimi nilianza hivyo hivyo, sema umeme ulirudi kwa kishindo siku moja ukaondoka na TV mbili. Siku hizi niko kwenye dagaa, dagaa hawaungui na umeme.

Fundi Redio Nyamagana
Mleta uzi, usitoboe kitu. Nisikilize kwanza.

Amiga ikiwaka hujikagua yenyewe na kukueleza kwa rangi mahali inapoumwa. Nyekundu: ROM, chip yenye maelekezo ya kuwashia, ina shida. Njano: prosesa imekwama njiani. Kijani: kumbukumbu, ile inayotumiwa pamoja na chip za picha na sauti. Kwa hiyo mashine yako haijafa, inakuambia pa kuanzia.

Chomoa umeme. Geuza mashine, chini kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Ukikuta kadi humo ndani, hiyo ni A501, kilobaiti 512 za kumbukumbu ya nyongeza, na juu yake kuna betri ya saa. Betri hiyo ndiyo muuaji wa mashine hizi. Miaka inavyopita inavuja, maji yake yanakula njia za shaba mpaka soketi. Itoe kadi yote, usiikwangue kwa kisu. Ukiona ukungu wa kijani au bluu kwenye pini, pangusa kwa siki kidogo kwenye pamba, halafu spiriti, acha ikauke vizuri. Halafu washa bila hiyo kadi. Itafanya kazi, ina kilobaiti 512 nyingine kwenye mazabodi.

Kabla ya kuwasha pima adapta kwa multimita. Inatoa volti 5, 12 na hasi 12. Ukiona ile ya 5 imepanda sana, usiichomeke hata kwa sekunde, utachoma chip ambazo hutazipata Mwanza wala Kariakoo. Commodore ilifilisika Aprili 1994, hakuna anayekutengenezea nyingine.

Nina maswali mawili. Disketi zina nini? Na mashine ni ya nani?

Mama Wawili Nyegezi
Kuhusu njano naomba niseme mimi, nina saluni. Ile njano si uchafu, usijichoshe kwa steelwire. Ni plastiki yenyewe imegeuka kwa jua na umri, wanasema ni dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa humo. Kaka yangu alifanya ya kwake kwa krimu ya haidrojeni peroksaidi tunayochanganyia rangi ya nywele, ile ya asilimia 12. Unatoa vitufe vyote, unapaka sawasawa, unafunika kwa nailoni isikauke, unaweka juani. Jua letu hili halihitaji siku nyingi. Ugeuze kila baada ya muda na uongeze krimu, ikikaukia sehemu moja itaacha mabaka na mabaka hayatoki. Vaa glavu na miwani. Mimi iliniunguza vidole mwaka wa kwanza wa kazi, mteja ananicheka na huku nalia, nikamaliza kichwa chake hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu.

Rangi nyeusi usipake. Ukishapuliza huwezi kurudi nyuma.

Kijana wa Kirumba
Fundi asante sana. Kadi ipo kweli, na betri imetoka ukungu. Adapta nitapima kesho.

Mama Wawili, rangi nyeusi si kwamba naipenda mimi. Ndivyo inavyotakiwa.

Mzee wa Bwiru
Inavyotakiwa na nani? Umeulizwa maswali mawili umejibu la betri. Mashine ni ya nani, mjukuu wangu?

Kijana wa Kirumba
Ya mtu wa karibu, shikamoo mzee. Haitumii. Imekaa juu ya kabati tangu sijaanza shule. Mtu akiacha kitu miaka yote hiyo maana yake ameshakiacha.

Mzee wa Bwiru
Marahaba. Shamba langu la Magu nalo sijalilima muda mrefu. Nalo nimeliacha?

Sangara Mbichi
Mzee amefunga goli.

Kijana wa Kirumba
Haya, basi nieleze lote ili mnisaidie.

Ni ya baba mkubwa. Miaka ya mwisho ya themanini alikuwa msaidizi wa Mholanzi mmoja mtafiti wa samaki, ndiye anayeingiza takwimu. Mholanzi alipoondoka alimwachia mashine. Baba mkubwa alipostaafu akarudi kwao Ukerewe, akaniachia niitunze. Alisema "itunze", hakusema nisiiguse.

Mimi nimesoma TEHAMA, sina ajira. Kuna mwenye baa moja huku mjini aliona picha yake kwenye simu yangu, akataka iwe pambo la kaunta, watu wacheze humo humo. Rangi nyeusi na taa ni oda yake. Amenipa kishika uchumba laki na nusu. Baba mkubwa anakuja wiki ijayo kliniki Bugando. Nilitaka iwe tayari na imependeza, aone kuwa elimu yake aliyonilipia haikupotea. Naye nilipanga kumgawia sehemu ya hela. Sioni kosa liko wapi.

Hakimu wa Nyuzi
Chai hii. Imekolea tangawizi.

Akaunti mpya, hakuna picha hata moja. Na mnasahau historia: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Leo tunaambiwa mzungu alikuwa na Amiga na monita Mwanza, tena ya kuachia msaidizi kama zawadi? Huyu amesoma habari za Amiga mtandaoni akajitungia baba mkubwa. Wakuu, tunapoteza bando.

Dada wa Kamanga
Hata mimi nilihisi. Mholanzi, samaki, Ukerewe, Bugando, vyote kwenye aya moja.

Sangara Mbichi
Mleta uzi weka picha tukulinde.

Kijana wa Kirumba
Picha hazipandi, mtandao wa hapa ni wa kusukuma. Naumia mnavyonifanya mwongo. Amini au msiamini, mashine ipo mbele yangu.

Mzee wa Bwiru
Marufuku ya 1974 ni kweli, nilikuwa kazini serikalini. Lakini taasisi na miradi ilikuwa inapata vibali. Na Waholanzi wa samaki si hadithi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi hapa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakichunguza furu, visamaki vya humu ziwani. Ukipita ufukweni asubuhi unawaona wanapanga visamaki kwenye sinia, watoto wanawacheka kwamba wazungu wanahesabu samaki wasiowala. Sijui kama huyo wa kijana alikuwa mmoja wao. Nasema tu kwamba jambo lenyewe linawezekana.

Fundi Redio Nyamagana
Tusigombane, mashine itajitetea. Mleta uzi, ukishatoa kadi na kupima adapta, washa bila disketi yoyote. Usitafute mtandaoni. Tueleze unaona nini na unasikia nini.

Kijana wa Kirumba
Nimeazima multimita kwa jirani. Ile ya 5 imesoma 5.1. Kadi nimetoa, pini nimepangusa kwa siki na spiriti, nimeacha feni usiku kucha.

Kijani kimeondoka! Kioo cheupe, kuna picha ya mkono umeshika disketi ya bluu. Na upande wa kulia inagonga, "ta", inanyamaza kidogo, "ta" tena, haikomi. Nimeogopa nikazima. Ndiyo inaharibika?

Fundi Redio Nyamagana
Haiharibiki! Hiyo ndiyo Amiga. Kila baada ya muda mfupi inachungulia kama kuna disketi imeingizwa, ndiyo maana inagonga. Huo mkono ni wa Kickstart 1.2 au 1.3, programu ya kuwashia iliyo kwenye ROM, inaomba disketi ya kuanzia. Hakimu, mtu anayesoma juujuu mtandaoni hataji huo mlio wa kugonga wala hauogopi. Kijana ana mashine, na mashine ni nzima. Nimefurahi mpaka nimeita watu dukani.

Hakimu wa Nyuzi
Sawa, la mashine nimeridhika. La baba mkubwa bado. Swali la disketi halijajibiwa tangu jana.

Kijana wa Kirumba
Nyingi ni gemu, Sensible Soccer ipo na nyingine sizijui. Kama kumi na kitu zimeandikwa kwa mkono wa baba mkubwa. Zina majina ya samaki na mahali: Nyegezi, Luanso, Butimba, na miaka, 88, 89. Mwenye baa hazitaki. Nilifikiri nizifute niweke gemu.

Mzee wa Bwiru
USIFUTE.

Kijana, ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Sangara aliyepandikizwa alipofurika miaka hiyo ya 1980, aina nyingi zilipotea na baadhi hazijaonekana tena. Mtu aliyekuwa akiandika ni furu gani kavuliwa wapi mwaka 1988 aliandika watu wa mwisho wa kijiji. Inawezekana Waholanzi walichukua nakala, inawezekana hizo ndizo pekee. Hujui, mimi sijui, baba yako mkubwa anajua. Muulize yeye.

Fundi Redio Nyamagana
Na usijaribu kuzifungua kwenye PC. Amiga inaandika kilobaiti 880 kwa mpangilio wake, Windows itakuambia disketi haijafomatiwa na kukuuliza kama ufomati. Ukibonyeza ndiyo umemaliza. Kwanza sukuma kile kitufe cha kona mpaka katundu kawe wazi, hapo haziandikiki. Kuna kifaa kinaitwa Greaseweazle, unakiunga na draivu ya kawaida ya disketi kwa USB, kinanakili kila kitu kama kilivyo. Ninacho. Kwa gemu tutaweka Gotek, inasoma flashi badala ya disketi, draivu ya asili tunaihifadhi kwenye boksi. Hakuna kutoboa.

Mwenye baa mtengenezee yake. Seremala achonge kasha la mbao, Raspberry Pi ndani, taa zote anazotaka, gemu zile zile. Mlevi wa kaunta hatauliza chip.

Kijana wa Kirumba
Nimempendekezea. Amekataa. Anasema alilipia ile ile aliyoiona kwenye picha, la sivyo hela yake Ijumaa. Mnaongea kirahisi kwa sababu laki na nusu si yenu. Ningeweza bado kuifanya oda yake na disketi nikazihifadhi pembeni, kila mtu akapata chake.

Mama Wawili Nyegezi
Mdogo wangu, umempigia baba mkubwa au bado unatupigia sisi?

Kijana wa Kirumba
Nimempigia sasa hivi. Amekaa kimya muda, akauliza disketi ziko ngapi na kama hazijapata unyevu. Nikamwambia zipo. Akasema nisiguse chochote, anakuja na daftari la zile alama alizotumia, maana bila daftari namba hazisomeki. La baa nimemwambia pia. Hakunigombeza, amesema hela ya watu irudishwe.

Ninayo elfu tisini, nyingine nililipa deni. Mwenye kibarua chochote kabla ya Ijumaa aniambie.

Mama Wawili Nyegezi
Jumatatu saluni haina wateja. Leta vifuniko na vitufe, krimu ni juu yangu.

Sangara Mbichi
Njoo Mwaloni saa kumi alfajiri uniulizie, kuna magari mawili ya dagaa ya kupakia na wanalipa hapo hapo. Vaa viatu vya kufunika.