Mkopo wa kujenga Koboko: benki yenye hisa za serikali, SACCO au mkopo wa mshahara?

Dada_Ludara
Habari zenu. Nalinganisha njia za kupata shilingi milioni 20 za Uganda za kujengea nyumba ya vyumba vitatu. Mwombaji ni mwalimu wa serikali. Kiwanja ni cha ukoo, hakina hati, kuna makubaliano tu yenye muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kwenye mikopo yenye mkono wa serikali, anastahili wapi?

Karani_wa_Mipaka
Dada, hakuna mpango wa serikali unaomdhamini mtu wa kijijini benki ili ajenge. Kilichopo ni benki ambazo serikali ina hisa. Housing Finance Bank, serikali inashika takriban asilimia 49 na NSSF 50. PostBank, ambayo sasa inaitwa Pearl Bank, yote ni ya serikali. Ukifika dirishani wanakupima kama benki nyingine yoyote: mshahara, rekodi ya madeni, dhamana. Hela ya PDM, ule mpango wa serikali wa kuinua kaya maskini, usiiweke kwenye hesabu kabisa, ni milioni 1 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na ni ya kuku na kahawa, si ya mabati.

Kazi kubwa ni kiwanja. Karatasi ya LC1 inaonyesha nani alimpa nani, basi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu cheti cha umiliki wa kimila kiwekwe rehani, na inazitaka benki zikitambue. Lakini maafisa wengi wa mikopo bado wanataka hati ya frihodi (umiliki kamili usio na kikomo), kwa kuwa shamba la ukoo likifika mnadani hakuna wa nje anayethubutu kulinunua. Kwa hiyo uliza tawi lenyewe kabla hujamlipa mpima hata shilingi.

Njia yenyewe ya kupata cheti: unajaza fomu, inakwenda Kamati ya Ardhi ya eneo, tangazo linabandikwa si chini ya wiki mbili, kamati inakuja kukagua mipaka, kisha Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Ukitaka frihodi, unaongeza upimaji na ofisi ya ardhi ya kanda pale Arua. Faili hukwama kwa mambo madogo: jirani hakuitwa siku ya kukagua akaja kupinga baadaye, au kitambulisho cha taifa kinasema "Aisha" na fomu inasema "Asha".

Mzee_wa_Hesabu
Tuseme amepata rehani ya milioni 20 kwa asilimia 18, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Miaka 10 ni kama 360,000 kwa mwezi, jumla milioni 43.2. Miaka 5 ni kama 508,000, jumla milioni 30.5. Juu yake kuna ada ya mthamini, wakili na bima.

Kwenye SACCO uliza swali moja: riba inahesabiwa kwenye salio, au kwenye mkopo wote hadi mwisho? Milioni 10, asilimia 2 kwa mwezi, miaka 3. Kwenye salio utarudisha milioni 14.1. Kwenye mkopo wote, 17.2. Bango ukutani linasema "2%" kwa zote mbili!

Afande_Nile
Kwa mwalimu asiye na hati, mkopo wa mshahara ndio unaofunguka haraka, maana dhamana ni makato ya mshahara. Sisi wa jeshi tuna Wazalendo SACCO, polisi wana Exodus, walimu nao wana SACCO zao. Ubaya ni muda mfupi, makato yanauma. Mimi ningesema achukue wa kufikisha nyumba kwenye paa, huku faili la ardhi likitembea.

Mama_Sheria
Afande, hapo nakubaliana nawe, ila msisahau mambo mawili. Benki ikikubali rehani ya ujenzi haitoi milioni 20 kwa mkupuo. Inataka ramani iliyopitishwa wilayani na orodha ya vifaa na gharama, kisha inatoa kwa hatua: msingi, linta, paa, umaliziaji. Ukitumia hela ya linta kununua boda, hatua inayofuata haifunguki, na riba ya uliyokwisha kuchukua inaendelea.

La pili ni mwenzi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa yake ya maandishi. Bila hiyo rehani ni batili, ndiyo maana benki haitanii. Na ukishindwa kulipa, Sheria ya Rehani ya 2009 inakupa notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha, kisha siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Barua ya kwanza ikija, nenda benki, usiifiche chini ya godoro.

Dada_Ludara
Asante, mama. Na kama mume yuko Juba?

Mama_Sheria
Asaini huko huko mbele ya notari au kwenye ubalozi wa Uganda. Sahihi ya kupiga picha kwa WhatsApp hawaipokei.