Naombeni ushauri: MVP wa timu apewe golikipa au mfungaji?

Baba Kijana: Wakuu habari zenu. Niko Winnipeg, Kanada, mwaka wa tisa huu. Nipo kwenye kamati ya wazazi watatu ya timu ya hoki ya barafu ya watoto wa miaka 11, Ijumaa tunachagua MVP, yaani mchezaji bora, wa msimu. Wamebaki wawili, mfungaji mwenye magoli 31 na golikipa ambaye bila yeye tungekuwa mkiani. Wenzangu wamegawanyika, kura yangu ndo inaamua. Usingizi sipati.

Mtoto wa Temeke: Magoli 31 halafu unauliza? Mpe mfungaji ukalale. Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu Bara Aziz Ki wa Yanga alimaliza na 21, Fei Toto 19, MVP akabeba Aziz Ki, ingawa mimi mpaka kesho nasema Fei alionewa maana Azam ile ukimtoa yeye unabaki na nini, nilibishana na shemeji mpaka ugali ukapoa.

shangazi_wa_Edmonton: Temeke tulia. Hart Trophy, ile ya MVP wa NHL, ligi kuu ya hoki huku Amerika Kaskazini, haiendi kwa mwenye namba kubwa, inaenda kwa mwenye thamani zaidi kwa timu yake. 2018 McDavid wetu wa Edmonton alikuwa na pointi 108, yaani magoli na pasi za magoli, akapewa Taylor Hall mwenye 93, kwa sababu pale New Jersey aliyemfuata Hall alikuwa na 52 tu. Niliumia ila nilielewa. Wewe ukimtoa yupi timu inakufa?

Baba Kijana: Golikipa dada. Na Hart ya 2025 si alibeba Hellebuyck wa hapa hapa Winnipeg? Kashinda mechi 47, klinshiti 8. Draisaitl na magoli yake 52, Kucherov na pointi zake 121, wote wakamwangalia. Kabla yake golikipa wa mwisho kuichukua ni Carey Price 2015. Makipa wanasahaulika sana.

Mnazi Mrefu: Hellebuyck huyo huyo aliyetolewa golini mara tatu na St. Louis kwenye mtoano? Waandishi ndo walimpa. Wachezaji wenyewe kwenye tuzo yao ya Ted Lindsay walimpa Kucherov.

Baba Kijana: Kura za Hart zinapigwa kabla ya mtoano, usimwonee.

Mama Wawili: Baba Kijana, huyo golikipa ni mtoto wa nani?

Baba Kijana: Hilo halihusiani na uwezo wake.

Mama Wawili: Wa nani?

Baba Kijana: Wangu. Lakini mechi ya mwisho tulipigwa mashuti 38 yakapita mawili, hayo sikuyatunga mimi. Na nimeshamwahidi mwenzangu mmoja kwamba kura yangu ipo kwa kipa.

Mnazi Mrefu: Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu mkuu, akampa binti yake zawadi ya mwanafunzi bora, na alistahili kweli. Mpaka leo kwenye misiba wanamsema yule dada. Jitoe kaka.

Mtoto wa Temeke: Chai hii. Mbongo, barafu, kura yake ndo inaamua, na kipa ni mwanae? Weka na tangawizi.

Baba Kijana: Chai? Jumapili saa 12 asubuhi, hasi 28 nje, mimi nimepiga magoti namfunga pedi miguuni, mikanda imekakamaa, vidole sivisikii. Begi lake refu kuliko yeye, na zile glovu hata uzianike wiki nzima harufu haitoki. Njoo uone mlango wa gereji yangu, umejaa alama nyeusi za kile kisahani cha mpira, kila jioni dada yake anampigia yeye anadaka.

shangazi_wa_Edmonton: Huo mlango nimeuamini, na mimi ninao. Sasa jitoe, kama anastahili atapewa bila wewe.

Baba Kijana: Nikijitoa kura zinakuwa sare, 1-1, anaamua kocha, na kocha ni mtu wa magoli.

Mama Wawili: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuomba ruhusa.

Mtoto wa Temeke: Mkuu nisamehe kwa ile chai. Ila Fei alionewa.

Baba Kijana: Nimewaandikia wenzangu sasa hivi, nimejitoa. Dogo sijamwambia. Yuko gereji, nasikia mlango unalia.