Viwavi wangu wa hariri wameacha kula na wanapanda ukutani: ni maradhi, au ndio wanataka kusuka?

Mforosadi_wa_Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Naomba msaada, na wa haraka. Yeyote aliyewahi kufuga viwavi wa hariri asinipite.

Nipo Soni, Lushoto. Hapa nyumbani tuna miforosadi ambayo marehemu babu aliipanda kwenye kingo za matuta kuzuia udongo usiporomoke. Miaka yote majani yake yalikuwa ya mbuzi. Mwaka huu nilipata mayai ya nondo wa hariri, wakaanguliwa, nikawalisha. Sasa wamekuwa weupe, wanene, urefu wa kidole, na walikuwa wanakula usiku na mchana.

Tangu jana mambo yamegeuka. Wengi hawagusi majani. Kinyesi kilichokuwa punje kavu kimelainika, na wengine wanatoa matone ya maji. Weupe umeingia umanjano. Wanazunguka kwenye ukingo wa trei, wanapanda ukutani, wanainua vichwa na kuvizungusha. Jirani kanishauri niwachome wote kabla maradhi hayajaenea, lakini wapo ambao bado wanakula vizuri tu.

Pili, binti yangu wa darasa la sita ananiuliza maswali ninayotamani nimjibu sawasawa. Huo uzi unatoka wapi mwilini ikiwa chakula chao ni majani peke yake? Na kwa nini mdudu ajifungie ndani na kuumbwa upya, badala ya kuota mabawa kidogo kidogo kama anavyofanya panzi?

La tatu ndilo linaloniumiza. Nasikia ili upate uzi lazima umuue akiwa ndani. Hakuna njia nyingine?

Bonde_la_Thika

Dada, usichome kitu! Kwa ulivyoeleza, hao wamekomaa. Chukua wachache uwatazame kwenye mwanga wa dirisha. Aliyekomaa mwili wake hunywea kidogo, ngozi inaanza kupitisha mwanga, na kichwa kiko juu kinatafuta pa kushikiza uzi. Kinyesi kulainika ni kawaida: anasafisha tumbo lote kabla ya kusuka, na cha mwisho kutoka ni tone la maji.

Mgonjwa utamjua. Kuna maradhi ya virusi yanayomvimbisha kwenye maungio ya pingili, ngozi inang'aa na kuwa dhaifu, ukimgusa inapasuka na kutoa majimaji meupe. Huyo naye huzurura ukingoni, ndiyo maana jirani yako kaingiwa na hofu. Ukimpata mtoe, mchome yeye peke yake, nawa kwa sabuni ndipo uguse wengine. Ukikuta aliyekufa akakauka na kufunikwa na unga mweupe, hiyo ni kuvu, mtoe vilevile.

Sasa waliokomaa wahamishe leo leo, usingoje kesho. Trei za mayai za karatasi zinafaa sana. La sivyo tumia matawi makavu yenye vijiti vingi au nyasi kavu zilizofungwa matita. Kila mmoja anataka kakona kake. Ukiwabana, wawili watasuka kifukofuko kimoja (ile nyumba ya uzi ya kujifungia) na nyuzi zao zitaingiliana, hutaweza kuzizongoa, yaani kuzikunjua zikiwa nzima. Wanaokula waendelee kulishwa, watafuata wenzao ndani ya siku moja mbili.

Chumba kiwe na hewa. Nyuzi joto 23 hadi 25 zinatosha, na pasiwe na unyevu mwingi, kwa sababu ule mkojo wa mwisho ukikosa pa kukaukia unaharibu gundi ya uzi. Lushoto usiku kuna baridi, kwa hiyo funga dirisha jioni ufungue jua likipanda. Wakishaanza kusuka usiwasogeze.

Kilimo_Mlalo

Naongezea moja tu kwa sababu nakaa huko huko milimani. Usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma kwenye chumba hicho, na usichume majani ya mforosadi ulio karibu na shamba la nyanya au kabichi lililopigwa dawa. Dawa inayoua kiwavi wa kabichi haimchagui wa hariri.

Mtu_wa_Wadudu (Morogoro)

Mama, mwambie binti yako ameuliza maswali mawili ambayo kwa kweli ni moja. Nitaanza na uzi.

Ndani ya kiwavi kuna mirija miwili mirefu iliyokunjwakunjwa, mmoja kila ubavu. Asili yake ni tezi za mate. Sehemu ya nyuma ya kila mrija hutengeneza protini iitwayo fibroini, na hiyo ndiyo hariri yenyewe. Sehemu ya kati huihifadhi na kuipaka protini nyingine, serisini, ambayo ni gundi. Sehemu ya mbele ni nyembamba. Mirija miwili hukutana hapo na kutokea kwenye kitundu kidogo chini ya mdomo. Ndiyo maana uzi mmoja wa hariri ukiutazama kwa hadubini utakuta ni nyuzi mbili zilizogandishwa pamoja.

Majani ya mforosadi yana protini nyingi. Kiwavi huzivunja, kisha hujenga fibroini kwa vipande vidogo na vyepesi kuliko vyote, hasa glaisini na alanini. Katika siku zake za mwisho za kula tezi hizo huvimba mpaka zinachukua sehemu kubwa ya mwili. Hicho ndicho kilichompa unene uliouona.

Wengi hudhani hariri hutoka ikiwa majimaji halafu inakaushwa na hewa. Sivyo. Ndani ya tezi ni nzito kama ute wa bamia, lakini ukielekea mbele maji yanapungua, asidi inaongezeka, chumvi zinabadilika, na molekuli zinaanza kujipanga. Kazi inamalizwa na mvuto. Kiwavi haurushi uzi nje: hugandisha ncha mahali, kisha anarudisha kichwa nyuma na kuuvuta. Kule kuvuta ndiko kunakozilaza molekuli mstari mmoja na kuufanya uzi kuwa imara. Ule mzunguko wa kichwa unaouona unachora nane, tena na tena, kwa siku mbili hadi tatu. Mwishoni anakuwa ametoa uzi mmoja usiokatika ambao unaweza kukaribia kilomita moja.

Sasa kubadilika umbo. Mwilini kuna homoni mbili za kukumbuka. Ekdisoni humwambia ajiambue ngozi. Homoni ya uchanga humwambia abaki kiwavi. Zikiwepo zote mbili, anajiambua na kutoka kiwavi mkubwa zaidi. Wako amefanya hivyo mara nne. Katika hatua ya tano homoni ya uchanga inashuka. Ekdisoni ikija sasa haina wa kuizuia, na ndipo anaacha kula, anasafisha tumbo, anatafuta kona na kuanza kusuka. Kwa hiyo alichokiona binti yako jana ni siku ambayo uchanga umekwisha. Hariri na kubadilika umbo vinaendeshwa na saa moja.

Ekdisoni yenyewe iligunduliwa kupitia mdudu huyu huyu. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walichukua nusu tani ya pupa (mdudu akiwa ndani ya kifukofuko, si kiwavi tena wala bado nondo) wa nondo wa hariri, wakapata miligramu 25 tu za homoni hiyo safi.

Kwa nini asiote mabawa polepole? Panzi mchanga ni panzi mdogo. Anakula majani yale yale anayokula mama yake, mahali pale pale, na tangu anapoanguliwa umbo lake linafungwa na kazi atakazofanya akiwa mkubwa. Kiwavi hana kifungo hicho. Yeye ni mdomo na utumbo: uzito wake huongezeka mara elfu kumi hivi tangu kuanguliwa. Nondo kwa upande wake ni wa kuzaa. Nondo wa hariri hali kabisa, midomo yake haifanyi kazi, anaishi kwa akiba iliyowekwa na kiwavi. Mtoto na mzazi hawagombei chakula, na kila mmoja anaumbwa kwa kazi yake bila kumharibia mwenzake. Njia hii imefaulu mno: zaidi ya asilimia 80 ya spishi za wadudu zinazojulikana hupitia hatua ya pupa, wakiwemo nyuki, nzi, mbu, mende wa kinyesi, siafu na vipepeo.

Na kifukofuko? Pupa hana miguu ya kukimbia wala meno. Ile hariri ni ukuta wake dhidi ya sisimizi, ndege na ukavu.

Mwana_wa_Wete

Mtu wa Wadudu umesema vyema, ila usiwasahau majimoto, wale chungu wa mitini! Sisi Pemba tumekua nao kwenye miembe na mikarafuu. Mwambie binti, dada yangu, akiona majani ya mwembe yamegandishwa pamoja kuwa kiota, ile gundi nyeupe ni hariri. Na chungu mkubwa hana hariri hata kidogo. Kundi moja linavuta majani yakutane, wengine wanakuja wamebeba watoto wao mdomoni, wanawagusisha jani hili na lile, na mtoto anatoa uzi. Watoto hao wakifika wakati wa kuwa pupa hawana kifukofuko, kwa sababu hariri yao wameitoa yote kwa nyumba ya wote.

Mimi jambo hili kila nikilifikiria nastaajabu. Akalitazame mwenyewe, ila asisogee sana, wanauma.

Juma_K_Tanga

Nilisoma kwamba ndani ya kifukofuko mdudu anayeyuka wote anakuwa uji, halafu nondo anaundwa upya. Ni kweli?

Mtu_wa_Wadudu (Morogoro)

Kaka Juma, nusu. Misuli mingi ya kiwavi na utumbo wake huvunjwa, na malighafi hiyo hutumika tena. Lakini mirija ya hewa haipotei, na mfumo wa fahamu unapangwa upya bila kufutwa. Vijisahani vya seli vitakavyokuwa mabawa vimo ndani ya kiwavi tangu mapema. Jan Swammerdam wa Uholanzi alionyesha katika karne ya 17, kwa kupasua viwavi, kwamba viungo vya kipepeo tayari vipo chini ya ngozi.

Kuna jaribio zuri la mwaka 2008 la Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Viwavi wa nondo wa tumbaku walifundishwa kuogopa harufu fulani kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliofundishwa katika hatua yao ya mwisho walipotoka wakiwa nondo waliendelea kuikwepa harufu ile. Uji haukumbuki.

Mforosadi_wa_Soni

Wakuu, Mungu awabariki. Nimewapima kwenye mwanga, hakuna aliyevimba. Nimewahamishia kwenye trei za mayai na wengi wameshajizungushia utando mwembamba, bado unamwona ndani akifanya kazi. Binti hataki kwenda kulala.

Naomba sasa mnisaidie lile la tatu.

Shinyalu_Msituni

Mama Soni, hisia yako ni ya kuheshimiwa, na njia ipo. Huku kwetu karibu na msitu wa Kakamega, Kenya, kuna viwavi wa porini, Anaphe, ambao husuka kiota kimoja wengi kwa pamoja kwenye mti wa Bridelia. Kule Mwingi kuna Gonometa wa kwenye migunga, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kimefanya kazi na wakulima wa pande zote mbili. Hariri ya Anaphe haizongolewi. Inachemshwa kuondoa gundi kisha inachambuliwa na kusokotwa jinsi pamba inavyosokotwa. Wayoruba wa Nigeria wamefuma kitambaa cha sanyan kwa hariri hiyo tangu zamani.

Hata wako wa mforosadi unaweza kuwafanya hivyo. Mwache nondo atoke, kusanya vifukofuko vitupu, chemsha kwa maji ya sabuni, sokota. Kitambaa hakitang'aa sana, lakini kina joto na ni kizuri.

Bonde_la_Thika

Nakubaliana na Shinyalu, ila nisimfiche dada yetu ukweli wa soko. Nondo akitaka kutoka hutema majimaji yanayolegeza gundi, anazisukuma nyuzi na kutoboa tundu. Kifukofuko kilichotobolewa hakizongoleki tena. Hariri ile laini ya kung'aa inataka uzi mzima, ndiyo maana pupa huuawa kwa mvuke au hewa moto kabla hajatoka. Pupa wenyewe hawatupwi. Korea na China wanaliwa, na kuku wako watawafurahia.

Mimi ninaua, na sioni haya kusema hivyo, maana hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wangu. Wewe kwa mara hii ya kwanza hulazimiki. Huna mashine ya kuzongoa, na vifukofuko vichache havina mnunuzi; kilo moja ya nyuzi mbichi inataka maelfu. Waache watoke, sokota kwa mkono, ujifunze.

Au kuna njia ya kati: siku ya saba hivi baada ya kusuka, pupa akishakuwa mgumu na wa kahawia, kata ncha ya kifukofuko kwa wembe, mtoe taratibu, umlaze kwenye pumba kavu. Nondo atatoka humo humo kwenye pumba. Uzi utakuwa umekatika, lakini hariri yako itabaki safi bila madoa.

Tahadhari moja kubwa. Jike mmoja hutaga mayai 300 hadi 500, na nondo hawa hawaruki, watapandana na kutaga pale pale. Kuna aina ambazo mayai yake huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Kabla hujaamua majike wangapi watage, niambie: miforosadi unayo mingapi, na sasa hivi ina majani kiasi gani?

Mforosadi_wa_Soni

Ipo kumi na tano, Kaka Thika. Minne nimeshaimaliza majani yote, hiyo mingine bado imejaa.

Bonde_la_Thika

Basi waache majike wawili tu watage. Ile minne ipunguze matawi wiki hii uiwekee samadi, ichipue upya.