Kyapa (hati ya ardhi) kinasema Bulemeezi, barua ya LC1 (baraza la kijiji) inasema Katikamu. Ni ardhi moja? Nisaidieni kabla sijatuma arubuni

Mtu_wa_Juba

Salaam wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Bombo, Uganda, ila huu mwaka wa sita niko Juba nauza vipuri vya pikipiki. Nimejibana nikaweka akiba, sasa natafuta kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Wobulenzi. Broka mmoja kanitumia picha ya kyapa kwa WhatsApp. Ni mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ya Buganda), hekta 1.2, jina la mzee fulani. Anayeuza anasema yeye ni mtoto wa huyo mzee na wanakata viwanja. Bei milioni 14. Wanataka arubuni ya milioni 4 kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine anakuja na pesa mkononi.

Kinachonisumbua ni hiki. Kyapa kinasema kaunti ni Bulemeezi. Barua ya LC1 waliyoniletea inasema kaunti ya Katikamu. Nikamuuliza broka, akacheka, akasema "hiyo ni lugha ya maofisi". Je, ni ardhi moja au nauziwa karatasi ya kwingine? Na hii sachi watu wanayosema, yaani kukagua rejesta ya ardhi, naweza kuifanya nikiwa huku?

Binti_Nubi

Kaka, usitume hata shilingi mia. Ijumaa ya mabroka haiishi, wiki ijayo itakuwepo nyingine.

Karani_Mstaafu

Mwanangu, tofauti hiyo ya jina peke yake isikutishe. Nimekaa dirishani ofisi ya ardhi miaka mingi na swali hili nimelijibu mpaka sauti ikakauka.

Uganda kuna kaunti za namna mbili. Ya kwenye barua ya LC1 ni ya utawala, ile unayopigia kura ya mbunge, na wilaya ya Luweero ina Katikamu na Bamunanika. Ya kwenye kyapa ni ssaza, yaani kaunti ya zamani ya ufalme wa Buganda. Mailo ilizaliwa na mkataba wa 1900 (neno lenyewe ni maili tu, kwa kuwa wakubwa waligawiwa kwa maili za mraba), ardhi ikapimwa na kuandikwa ssaza kwa ssaza. Serikali zimekata wilaya mpya mara ngapi tangu hapo? Nakaseke ilitolewa Luweero mwaka 2005, ila vitabu vya ardhi havikufuata. Ndiyo maana mtu wa Kira, wilaya ya Wakiso, kyapa chake kinasema Kyadondo, wa Entebbe kinasema Busiro, na wa Mukono kinasema Kyaggwe. Wobulenzi ni Bulemeezi. Mpaka hapo picha yako haijakosea. Lakini haijathibitisha kitu pia.

Sachi inataka ssaza, namba ya bloku na namba ya ploti. Rejesta imepangwa kwa ardhi, haikupangwa kwa watu, kwa hiyo jina la muuzaji peke yake halikusaidii. Kwa vyapa vya frihodi (umiliki huru) na vya lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka) mara nyingi utaulizwa voliumu na folio badala ya bloku, lakini wewe una mailo. Unajaza fomu, unatengenezewa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), unalipa shilingi 10,000 benki au kwa simu, kisha karatasi zinapelekwa ofisi ya ardhi ya kanda. Kwa Bulemeezi ni Bukalasa, hapo hapo Wobulenzi. Usimtume mtu Kampala, atazungushwa bure.

Na huhitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Sheria ya usajili wa hati inampa mtu yeyote haki ya kukagua rejesta akishalipa ada. Muuzaji akikwambia "usifanye sachi bila mimi", hapo anza kujiuliza.

Mkenya_wa_Busia

Kwa nini ahangaike na fomu? Si aingie Ardhisasa, kila kitu kiko kwa simu.

Karani_Mstaafu

Ardhisasa ni ya kwenu, bwana, ilizinduliwa Nairobi 2021. Ya kwetu ni mfumo mwingine, ulioanza kutumika 2013, na watu bado wanakwenda ofisini kuchukua barua yenye muhuri. Bulemeezi hutaiona kwenye Ardhisasa hata ukiiwasha mara kumi.

Mkenya_wa_Busia

😂 Sawa mzee, nimekaa.

Fundi_Ramani

Mimi ni mpimaji. Jamani mmeshika jina la kaunti mkaacha hekta. Ndugu wa Juba, hicho kyapa ni cha ardhi nzima, siyo cha kiwanja chako. Kiwanja chako hakipo bado! Hakina namba ya ploti mpaka mpimaji aje akate, ramani ipitishwe, ndipo ploti mpya zitoke.

Piga hesabu nami. Futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464, yaani desimali (sehemu ya mia ya eka) 11 na nusu hivi. Hekta 1.2 ni mita za mraba 12,000. Gawanya, unapata viwanja 25 na kidogo, na hapo hujaacha barabara hata ya boda. Ukitoa barabara vinabaki 20, au 21 wakibana sana. Muulize broka ameshauza vingapi, usikilize sauti yake. Nimewahi kuitwa kukata ardhi ambayo watu walioshika makubaliano ya kununua walikuwa wengi kuliko viwanja. Nilikunja vifaa vyangu nikaondoka, maana pale palikuwa na mapanga.

Jambo jingine. Sachi haikwambii mawe ya mpaka yako wapi. Mlipe mpimaji wako mwenyewe, siyo wa muuzaji, afungue mipaka na kulinganisha na ramani ya bloku. Watu wameonyeshwa bustani nzuri kando ya lami, kumbe ploti iliyoandikwa iko kwenye kinamasi nyuma ya kilima.

Niliungua_Mukono

Ngoja niseme yangu, ingawa bado inaniuma. Mimi nilifanya sachi. Au niseme broka alinifanyia. Nilimpa pesa, siku mbili akaniletea barua safi, muhuri, saini, jina la muuzaji limekaa pale kama ua. Nikalipa milioni 22. Nilipokwenda mwenyewe kutaka kuhamisha jina, yule mama wa dirishani aliangalia barua yangu kwa muda mrefu, akaniuliza, "Hii ulipewa na nani?" Namba ya malipo iliyoandikwa ilikuwa ya mtu mwingine, alilipia kitu kingine kabisa. Ardhi ilikuwa na rehani ya benki tangu mwaka mmoja nyuma.

Kwa hiyo broka asiguse sachi yako. Aende mtu wa damu yako au wakili uliyemchagua wewe, aingize fomu, alipe, arudi achukue barua kwa mkono wake na abaki na risiti. Kama hukuona risiti, hiyo barua ni ya kufungia karanga.

Mtu_wa_Juba

Asanteni sana. Mzee Karani, Mungu akuweke. Dada yangu yuko Bombo, anaweza kupanda taksi kesho akaenda Bukalasa. Nimempa bloku na ploti kutoka kwenye ile picha. Fundi, nilimuuliza broka ameuza vingapi. Akasema "vichache". Nilipomwambia nataka namba, simu ikakatika.

Mama_Shamba

Dada yako akitoka ofisini asirudi nyumbani moja kwa moja. Aende shambani. Wanaume mnapenda karatasi.

Kwenye mailo kuna mwenye kyapa na kuna mwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima kwenye ardhi ya mwenye kyapa, na mwenye kibanja hatokei kwenye sachi hata ufanye sachi kumi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa na kulima bila kusumbuliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995 kuanza kazi. Hesabu kurudi nyuma, unafika 1983. Kwetu Luweero mwaka huo ulikuwa katikati ya vita vya msituni, watu wamekimbia, wengine wamerudi wakakuta mifupa tu. Kwa hiyo nani alikuwa wapi 1983 ni swali linalogombanisha vijiji mpaka leo.

Ukinunua kyapa umemnunua na aliye juu yake. Wewe utapokea busuulu (kodi ya ardhi) yako kila mwaka, yeye ataendelea na migomba yake, na watoto wake watarithi. Kumtoa kwa sababu umenunua tu huwezi, lazima korti. Tena mwenye kyapa akitaka kuuza, sheria inasema aanze kwa kumwuliza huyo mwenye kibanja kama anataka kununua yeye.

Asiulize mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti wa LC1 anashuhudia, lakini wapo wanaoshuhudia chochote ukiwapa ya soda. Awaulize majirani wanaopakana. Aulize nani alizikwa pale.

Binti_Nubi

Naongeza: mjane yupo? Kama huyo mzee aliacha mke na familia inaishi hapo au inakula kutoka hapo, hiyo ni ardhi ya familia. Mke hawezi kurukwa.

Mtu_wa_Juba

Dada amefika shambani. Barua ya sachi ameambiwa aifuate keshokutwa, lakini amenipigia simu akiwa pale pale. Kuna bibi mmoja ana kahawa na migomba, nyumba ya matofali ya zamani, na makaburi manne nyuma ya nyumba. Anasema mumewe alikuwa analipa busuulu kwa huyo mzee wa kwenye kyapa tangu enzi za Amin, na risiti anazo kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Kuhusu viwanja kukatwa hajaambiwa kitu. Eneo nililoonyeshwa kwenye picha ni kahawa yake.

Broka amenipigia mara tatu leo. Amepunguza bei mpaka milioni 11.

Fundi_Ramani

Imeshuka milioni 3 kwa siku moja bila wewe kuomba. Haya.

Karani_Mstaafu

Subiri barua. Dada yako akiipata aangalie mambo haya: jina la mmiliki, tarehe aliyosajiliwa, ukubwa, halafu ashuke mpaka sehemu ya vizuizi. Hapo ndipo huandikwa rehani na kaveti, yaani zuio la mtu anayedai haki kwenye ardhi. Kaveti ina aina zake. Ile ya kawaida, msajili akimpa aliyeiweka notisi na siku 60 zikipita bila amri ya korti, inaanguka. Ya mrithi haianguki namna hiyo, inabaki mpaka mwenyewe aitoe au korti iseme. Nataja mrithi kwa sababu huyo muuzaji wako anasema ni mtoto wa mwenye ardhi. Mzee yuko hai?

Mtu_wa_Juba

Broka alisema alifariki, Mungu amrehemu. Sikuuliza lini.

Karani_Mstaafu

Basi swali la kwanza lilikuwa hilo, na nakiri nami sikuliuliza. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu uwezo wa kuuza. Lazima korti impe barua za usimamizi wa mirathi, na akishazipata anaandikishwa kwenye kyapa kama msimamizi. Mpaka hapo hata mtoto wa pekee hana cha kukuuzia.

Mtu_wa_Juba

Wakuu, barua imetoka. Dada amenitumia picha ya barua na ya risiti, zote mbili (Mukono, nimekusikia).

Mmiliki bado ni marehemu. Hakuna msimamizi aliyeandikwa. Ukubwa ni hekta 1.2 kama kwenye picha, rehani hakuna. Kuna kaveti ya mrithi, na jina lake siyo la huyu anayeniuzia. Ni la mwanamke. Dada aliuliza kijijini, wakamwambia ni binti mkubwa wa marehemu, anaishi Kampala, na hajui lolote kuhusu viwanja. Yaani kyapa ni cha kweli kabisa. Bulemeezi ni Bulemeezi. Kilichokuwa cha uongo ni mtu aliyekishika.

Nilimtumia broka picha ya sehemu ya kaveti bila kuandika neno. Amesoma, alama mbili za bluu zimetokea, na mpaka sasa kimya.

Niliungua_Mukono

Elfu kumi na nauli ya taksi. Mimi ningelipa mara mia.

Mama_Shamba

Huyo bibi wa kahawa mlimwambia? Asije akaamka siku moja akute matrekta.

Mtu_wa_Juba

Dada alimwonyesha barua na kumsomea kwa Kiganda. Alimwambia apeleke nakala za risiti zake kwa mtu anayemwamini, zisibaki kwenye nailoni. Bibi akamfungia mkungu mzima wa matoke, hakukubali kulipwa, na dada amelalamika njia nzima jinsi taksi ilivyomtoza kiti cha pili kwa ajili ya mkungu.

Nina swali moja la mwisho. Sasa kuna mtu Nakaseke anauza, kyapa kiko kwa jina lake mwenyewe, ana mke, yuko hai na tumezungumza kwa video. Kyapa kinasema Bulemeezi. Bado ni Bukalasa?

Karani_Mstaafu

Bado ni Bukalasa. Mwambie dada safari hii aanzie shambani.